Asmini ya India, mali ya usiku mmoja

BEI ya maua ya asmini katika masoko ya kusini mwa India hupanda mara tano na zaidi kati ya miezi ya mavuno mengi na miezi ya baridi. Wanaoguswa na mabadiliko hayo si wakulima peke yao. Wamo wenye viwanda vya manukato, wakenekaji wa mji wa Kannauj, wauzaji wa jumla wa Mumbai na Dubai, na mwisho wa mkondo huo wamo wafanyabiashara wa Zanzibar, Mombasa, Dar es Salaam na Muscat ambao huuza mafuta hayo kwa chupa ndogo na kwa tola.

Kwa mnunuzi wa kawaida, chupa ya mafuta ya asmini ni harufu tu. Kwa mfanyabiashara, chupa hiyo ni hesabu ya maua, kuni, mafuta ya sandali, kodi, usafiri na uaminifu wa watu wengi asiowajua. Hesabu hiyo ikipotoka mahali pamoja tu, mali iliyonunuliwa kwa bei ya halisi inageuka kuwa mafuta ya kupaka baiskeli yaliyotiwa harufu. Ndiyo maana inafaa kuijua biashara hii tangu inapoanzia, nayo huanzia shambani, usiku.

BIDHAA ISIYO NA GHALA

Karafuu ikishaanikwa ikakauka hukaa ghalani hadi bei ipande. Kahawa na korosho vivyo hivyo. Asmini haina ghala. Ua lake hufunguka mara moja tu, hutoa harufu yake yote katika saa chache za usiku, na kesho yake mchana limekwisha kunyauka na kubadilika rangi. Mkulima asiyeuza leo hana cha kuuza kesho.

Katika jimbo la Tamil Nadu, eneo linalosifika zaidi kwa asmini ni Madurai na wilaya jirani kama Dindigul na Theni. Asmini ya huko, inayoitwa Madurai Malli, ilipewa hati ya alama ya asili ya kijiografia mwaka 2013. Maana ya hati hiyo ni kwamba asmini ya mahali pengine haiwezi kuuzwa kihalali kwa jina hilo. Sifa yake ni petali nene na kikonyo kirefu, mambo ambayo hulifanya ua likae muda mrefu kidogo kuliko mengine kabla ya kunyauka. Katika biashara hii, hicho "kidogo" ndicho faida.

Katika soko la maua la Mattuthavani mjini Madurai, bei huwekwa upya kila siku, na siku nyingine hubadilika mara kadhaa kabla ya adhuhuri. Kuanzia Machi hadi miezi ya katikati ya mwaka, joto likizidi, mashamba huchanua kwa wingi na kilo moja hushuka hadi rupia mia chache. Ifikapo Desemba na Januari, umande na baridi hupunguza mavuno. Wakati huo huo mahitaji hupanda kwa sababu ya sikukuu ya Pongal na siku zinazohesabiwa kuwa na baraka kwa harusi. Katika kipindi hicho kilo moja imewahi kuvuka rupia 2,000, na katika siku za kuamkia sikukuu imekwenda juu zaidi ya hapo.

Wanunuzi wakubwa wa soko hilo ni wa namna tatu. Wa kwanza ni wauza mashada, maana wanawake wa kusini mwa India hupamba nywele zao kwa asmini kila siku, kama wanawake wa Lamu na Unguja wanavyoipenda asmini na kikuba. Wa pili ni mahekalu na wenye harusi. Wa tatu ni viwanda vya manukato. Hao wa tatu huingia sokoni hasa bei inaposhuka. Siku ambayo bi harusi yuko tayari kulipa rupia 2,000 kwa kilo, kiwanda hukaa pembeni. Siku ambayo maua yamejaa na wauza mashada wamekwisha kushiba, kiwanda hununua kwa wingi.

Kwa hiyo kiwanda ni mkombozi wa mkulima katika msimu wa maua mengi, lakini ni mkombozi anayelipa bei ya chini. Wakulima wengi wamekuwa wakidai kima cha chini cha bei. Wenye viwanda nao hujibu kwamba bei ya absoluti katika soko la dunia haipandi kwa sababu tu maua yamepanda Madurai.

NONDO NDIYE MTEJA WA KWANZA

Maua yanayochanua usiku yana sababu yake. Wadudu wanaoyachavusha, hasa nondo, hutembea gizani. Rangi za kuvutia hazina maana usiku, hivyo mengi ya maua hayo ni meupe, na nguvu yake yote imewekwa katika harufu. Ndiyo maana bustani yenye asmini hunukia zaidi baada ya magharibi kuliko saa sita mchana.

Wahindi wana majina mengi ya maua ya namna hii, na mfanyabiashara anayeagiza mali afadhali ayajue, kwa kuwa majina hayo ndiyo yanayoandikwa kwenye chupa.

Mogra, au bela, ndiyo asmini ya Kiarabu ambayo wataalamu huiita Jasminum sambac. Ndiyo malli ya Madurai. Harufu yake ni nzito na tamu. Chameli ni aina nyingine, Jasminum grandiflorum, yenye petali nyembamba na harufu laini inayoelekea matunda. Aina hizi mbili hazivunwi kwa namna moja. Mogra huchumwa asubuhi ingali tumba lililofunga, na hufunguka jioni ikiwa tayari imekwisha kusafirishwa. Chameli hufunguka usiku ikiwa bado mtini, hivyo wachumaji huingia shambani kabla ya mapambazuko na kumaliza kazi kabla jua halijawa kali.

Rajnigandha ni jina linalotokana na maneno mawili, usiku na harufu. Asili ya ua hili si India bali Mexico, lakini limezoea India kiasi cha kuonekana la kienyeji. Hulimwa kwa wingi West Bengal, Karnataka, Tamil Nadu na Andhra Pradesh. Aina zenye petali za safu moja, kama Shringar na Prajwal zilizotolewa na taasisi ya utafiti wa bustani ya Bangalore, hupendwa na wakamuaji wa manukato. Zenye petali nyingi huuzwa kwa ajili ya vyombo vya maua na mapambo.

Raat ki rani, yaani malkia wa usiku, ni kichaka chenye asili ya Amerika ya kitropiki. Maua yake ni madogo na ya kijani kibichi kilichopauka, lakini usiku harufu yake hufika mbali. Jina hili ni maarufu sana katika maduka ya marashi. Mnunuzi aelewe kwamba mengi yanayouzwa kwa jina hilo ni mchanganyiko uliotengenezwa ufanane na ua lenyewe, si mafuta yaliyotoka katika ua hilo.

Parijat, au harsingar, huchanua jioni na kudondoka chini alfajiri, petali nyeupe na mrija wa rangi ya machungwa. Wahindi huokota maua hayo kwa ajili ya ibada, na mirija yake ilitumika zamani kutia nguo rangi. Harufu yake ni dhaifu mno kwa kazi kubwa ya biashara, hivyo mwenye kuuza mafuta ya parijat kwa bei ya chini ana maswali ya kujibu.

DEGI, MWANZI NA UDONGO

Mji unaobeba jina la manukato ya India ni Kannauj, katika jimbo la Uttar Pradesh, karibu na mto Ganges. Katika karne ya 7 ulikuwa makao ya mfalme Harsha. Katika enzi za Mughal manukato yalikuwa na idara yake katika nyumba ya mfalme, na kitabu cha Ain-i-Akbari, kilichoandikwa na Abul Fazl mwishoni mwa karne ya 16, kinaorodhesha manukato na maua yenye harufu pamoja na bei za bidhaa kadha wa kadha. Yaani habari za bei ya harufu zimekuwa zikiandikwa kwa zaidi ya miaka 400.

Mtambo wa Kannauj haujabadilika sana. Maua hutiwa pamoja na maji katika chungu kikubwa cha shaba kinachoitwa deg. Mfuniko huzibwa kwa udongo uliochanganywa na pamba ili mvuke usitoroke. Kutoka hapo mwanzi uliozungushiwa kamba huteremka hadi kwenye chombo kingine cha shaba chenye shingo, kinachoitwa bhapka, ambacho kimelazwa ndani ya birika la maji baridi. Chini ya deg huwashwa kuni au samadi kavu ya ng'ombe.

Wanaokijua kiwanda cha makonyo cha Pemba watauelewa mtambo huu mara moja, kwa sababu kanuni ni ile ile: mvuke hubeba mafuta, baridi huyarudisha kuwa maji maji. Tofauti ni moja, nayo ndiyo moyo wa biashara ya attar. Ndani ya bhapka ya Kannauj hutangulizwa mafuta ya sandali. Mvuke wa maua unapopoa, harufu yake hunaswa na mafuta hayo. Maji hutenganishwa na kurudishwa katika deg, na kesho yake maua mapya hutiwa. Kazi hurudiwa siku baada ya siku, pengine wiki mbili au zaidi, hadi sandali ishibe harufu.

Hakuna saa ya kupimia wala kipimajoto. Fundi hugusa chombo kwa mkono, husikiliza mchemko, na moto ukizidi hupaka deg kwa kitambaa kibichi ili ipoe. Akikosea kwa robo saa, maua huungua na harufu ya moshi huingia katika mafuta ambayo yamekwisha kugharimu kazi ya siku kumi. Zamani attar ikishakamilika ilitiwa katika viriba vya ngozi vinavyoitwa kuppi ili unyevu uliobaki utoke polepole kupitia ngozi. Mafuta mazuri hayaharibiki kwa kukaa. Huiva, na mwenye mtaji na subira huyaweka kabla ya kuyauza. Hapo ndipo ile mali ya usiku mmoja inapopata ghala lake.

Mwaka 1991 kilianzishwa mjini Kannauj kituo cha serikali cha kuendeleza manukato na viungo, kinachojulikana kwa kifupi kama FFDC, kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Kazi zake ni pamoja na kupima mafuta na kufundisha wakenekaji. Mwaka 2014 manukato ya Kannauj nayo yalipata hati ya alama ya kijiografia.

Ipo njia nyingine ya zamani zaidi isiyotumia moto. Maua ya chameli au bela hutandazwa kwa matabaka pamoja na mbegu za ufuta zilizomenywa. Usiku kucha maua hutoa harufu, ufuta huinywa. Asubuhi maua yaliyochoka huondolewa, mapya huwekwa, hadi ufuta ushibe, kisha hukamuliwa kama kawaida. Hayo ndiyo mafuta ya nywele ya chameli. Maandishi ya Kisanskriti ya Varahamihira, ya karne ya 6, yana sura nzima kuhusu ufundi wa manukato, jambo linaloonyesha kwamba biashara hii ilikuwa na wataalamu wake kabla ya Mughal. Njia ya ufuta inafaa asmini kwa sababu maalumu: ua la asmini halifi linapochumwa. Huendelea kutengeneza harufu kwa saa kadhaa, hivyo anayelisubiri hupata zaidi ya anayeliharakisha kwenye moto.

HESABU YA KILO MOJA

Viwanda vya kisasa, vingi vikiwa Tamil Nadu katika maeneo ya Coimbatore na jirani zake, havitumii deg. Hutumia kiyeyushi, aghalabu heksani, ambacho huosha harufu kutoka katika maua bila joto kali. Kiyeyushi kikishaondolewa hubaki nta laini inayoitwa konkriti. Nta hiyo ikioshwa kwa spiriti hupatikana mafuta mazito yanayoitwa absoluti, na hayo ndiyo yanayonunuliwa na watengenezaji manukato wa Ufaransa, Uswisi na Marekani. India na Misri ndizo nchi mbili zinazoongoza kwa mazao ya asmini ya aina hii.

Kiwanda kinachotumia mogra huanza kazi usiku. Magunia ya matumba yaliyochumwa asubuhi hufika mchana, hutandazwa sakafuni, na wafanyakazi husubiri yafunguke. Yakifunguka, mitambo hujazwa mara moja. Kutia matumba yaliyofunga ni hasara, na kuchelewa hadi maua yaanze kuchoka ni hasara vile vile.

Hesabu yenyewe ni ngumu. Kilo moja ya chameli ina maua kati ya 8,000 na 10,000, yote yamechumwa kwa mkono, moja moja. Katika kila kilo 1,000 za maua, konkriti inayopatikana ni kilo mbili na nusu hadi tatu, na nusu yake hivi au zaidi kidogo ndiyo huwa absoluti. Kwa maneno mengine, kilo moja ya absoluti hudai takriban kilo 700 za maua.

Tuchukue mfano. Maua yakinunuliwa kwa rupia 300 kwa kilo, gharama ya maua peke yake ni rupia 210,000 kwa kilo moja ya absoluti. Maua yakifika rupia 2,000, gharama hiyo inakuwa rupia 1,400,000. Hapo bado haijahesabiwa mishahara, kiyeyushi, umeme na riba ya benki. Ni wazi kwa nini kiwanda hukimbia sokoni bei inapopanda. Rajnigandha ni ghali zaidi, kwani kilo 1,000 za maua yake hutoa kilo moja hivi tu ya konkriti.

Udhaifu wa mpango huu ulionekana waziwazi mwezi Machi 2020, India ilipofunga shughuli kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Mahekalu yalifungwa, harusi ziliahirishwa, masoko ya maua yakasimama. Asmini haikujua habari za amri ya serikali, iliendelea kuchanua kila usiku. Wakulima wengi walilazimika kutupa mavuno au kuyaacha mtini. Mwenye karafuu angesubiri.

SANDALI ILIPOADIMIKA

Pigo kubwa kwa attar ya kienyeji halikutoka kwenye maua. Lilitoka kwenye sandali. Kwa miaka mingi mti wa sandali wa kusini mwa India ulikuwa mali ya serikali hata ukiota katika shamba la mtu binafsi. Mkulima hakuwa na sababu ya kuupanda, na mwizi alikuwa na kila sababu ya kuukata. Mwaka 1998 mti huo ulitangazwa na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, kuwa hatarini. Karnataka mwaka 2001 na Tamil Nadu mwaka 2002 zilibadili sheria na kumruhusu mwenye shamba kuumiliki mti wake, lakini sandali huchukua miaka mingi kabla moyo wake haujawa na mafuta ya kutosha. Soko halikusubiri.

Bei ya mafuta ya sandali ilipopaa, wakenekaji wengi wa Kannauj waliacha kuyatumia kama msingi. Badala yake bhapka zilitiwa mafuta ya parafini, au dawa zinazotumika kulainishia plastiki kama ile inayojulikana kwa kifupi DOP. Dawa hizi hazina harufu, ni rahisi, na hubeba harufu ya maua vizuri. Lakini hazitoi ile harufu ya chini inayobaki nguoni siku mbili, na baadhi ya dawa za kundi hilo zimepigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya. Attar ya namna hiyo si lazima iwe wizi, mradi muuzaji aseme ilivyo na bei ilingane. Wizi ni kuiuza kwa jina na bei ya sandali.

Uhaba huo wa India ulifika hadi Afrika ya Mashariki. Msandali wa huku, ambao kwa jina la kitaalamu ni Osyris lanceolata, si ndugu wa karibu sana wa ule wa Mysore, lakini mafuta yake yanakaribiana vya kutosha kumtamanisha mnunuzi. Magogo na mizizi yake ilianza kuvunwa ovyo. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013, katika mkutano wa CITES uliofanyika Bangkok, miti hiyo ya Afrika ya Mashariki, Tanzania ikiwamo, iliwekwa katika orodha ya pili ya mkataba huo, ikimaanisha kwamba haiwezi kuuzwa nje bila kibali. Mfanyabiashara anayeletewa shauri la "magogo ya kunukia ya kupeleka India" akumbuke tarehe hizo mbili kabla ya kutoa mtaji wake.

WANUNUZI WALIOHAMA

Pigo la pili lilitoka kwa walaji. Wengi hudhani attar ya Kannauj hununuliwa na watu wa kujipaka. Kwa kweli mteja mkubwa kwa miaka mingi amekuwa kiwanda cha tambuu, tumbaku ya kutafuna na popoo zilizotiwa harufu. Waridi na kewra ndizo zilizotumika zaidi humo. Kewra ni ua la mti wa jamii ya mkadi, unaofahamika vizuri na watu wa mwambao, na huvunwa hasa wilaya ya Ganjam katika jimbo la Odisha.

Mwaka 2012 Madhya Pradesh ilipiga marufuku gutka, yaani mchanganyiko wa popoo na tumbaku, na majimbo mengine yakafuata. Kwa afya ya wananchi hilo lilikuwa jambo jema. Kwa mkenekaji aliyekuwa na mteja mmoja mkubwa lilikuwa somo chungu ambalo kila mwenye duka analijua: anayetegemea mnunuzi mmoja hana biashara, ana ajira isiyo na mkataba.

Wa tatu kushindana na ua ni maabara. Benzili asetati, ambayo ni sehemu kubwa ya harufu ya asmini, hutengenezwa kiwandani kwa bei ndogo. Dawa nyingine iitwayo hedioni ilianza kujulikana kwa wingi baada ya kutumika katika manukato ya Eau Sauvage ya Dior mwaka 1966. Kinachowashinda wakemia kuiga kwa urahisi ni jumla ya vitu vidogo vidogo, mojawapo ikiwa indoli, ambayo peke yake hunuka vibaya, lakini kwa kiasi kidogo ndiyo inayolipa ua uhai. Mtu aliyezoea asmini ya mtini hutambua haraka mafuta yasiyo na kitu hicho. Huyaona matamu mno na mepesi mno.

Hata hivyo soko la attar halijafa. Kwa kuwa haina spiriti, attar imeendelea kupendwa na Waislamu wengi, na Ghuba ndiyo njia yake kubwa ya kutokea nje ya India. Kutoka huko hufika Zanzibar na Mombasa, ambako hukutana na udi, hal waridi na langilangi ya Komoro. Watu wa mwambao ni wanunuzi wenye pua iliyofundishwa. Msichana aliyekulia penye kikuba na shada la asmini hadanganyiki kirahisi na chupa yenye picha ya asmini.

MAMBO YA KUANGALIA

Mnunuzi wa jumla anaweza kujikinga kwa mambo machache yasiyogharimu sana.

Kwanza ni hesabu ya bei. Tola moja ni karibu gramu 12. Mafuta halisi ya sandali ya India huuzwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilo. Maana yake ni kwamba msingi peke yake, kabla ya ua hata moja kutiwa, unagharimu dola 12 hivi au zaidi kwa tola. Anayeuza attar ya mogra "ya sandali" kwa dola tatu anauza kitu kingine. Huenda ni kizuri, lakini ni kingine, na kinunuliwe kwa bei yake.

Pili ni majira. Asmini halisi ina miezi yake ya maua mengi, na anayekeneka hununua miezi hiyo. Mwenye kuahidi mzigo mkubwa "mpya" uliotengenezwa Januari aulizwe alinunua maua kwa bei gani.

Tatu ni ngozi na muda. Attar nzuri isipimwe kwa kunusa chupa. Tone moja lipakwe mkononi na kusubiriwa kutwa. Mafuta ya msingi wa sandali hubadilika polepole, ua hutangulia na mti hufuata. Yaliyotengenezwa kwa parafini hutoa harufu ya ua kwa muda mfupi, kisha hubaki utelezi mtupu. Jaribio hili halitoshi kuthibitisha, lakini linatosha kumfanya mtu asite. Kwa mzigo mkubwa, cheti cha maabara ni cha lazima, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na hasara.

Nne ni jina. Mogra, chameli, rajnigandha na raat ki rani si kitu kimoja, na bei zake haziwezi kulingana. Duka linalouza yote manne kwa bei moja limetoa taarifa ya kutosha juu ya mali yake.

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri wa wazoefu wa biashara hii ni kuanza na kiasi kidogo cha aina moja iliyo halisi, pamoja na akiba ya mafuta ya kawaida yanayouzwa kwa jina lake la kweli. Wateja wa marashi hurudi kwa sababu ya uaminifu, na akidanganywa mara moja mteja huhamia duka la jirani pamoja na shoga zake wote. Kizuri chajiuza.

Mogra iliyochumwa Madurai leo asubuhi itakuwa imefunguka ifikapo saa tatu usiku. Kesho mchana bei yake itakuwa imekwisha kujulikana: shada la bi harusi, sadaka ya hekalu, kiwanda, au jalala.